MGONJWA WA HUZUNI ASIACHWE PEKE YAKE NA VIDONGE VYAKE

Ndugu wafanya kazi wa reli,

Katika mikutano ya tawi twazungumza habari za mishahara, nyumba, ovataimu na malipo ya uzeeni, na hayo ndiyo makusudi ya chama. Lakini liko jambo moja ambalo husemwa kwa sauti ya chini nje ya mlango, mkutano ukiisha kufungwa. Nalo ni habari ya mwenzetu aliyeshikwa na ugonjwa wa huzuni, akapewa vidonge, kisha akarudishwa zamu siku ya pili kana kwamba alikuwa na mafua. Nataka tuliseme jambo hili ndani ya mkutano, maana ni jambo la uhai wa watu, na sehemu kubwa ya dawa yake iko mikononi mwetu sisi wenyewe.

Neno langu ni moja, nami naliweka hapa mwanzoni. Vidonge vya huzuni ni dawa ya kweli, lakini majuma ya kwanza ya kuvitumia ni majuma ya kumwangalia mgonjwa kwa macho mawili. Mfanya kazi hawezi kuangaliwa ikiwa anauficha ugonjwa wake kwa kuogopa kupoteza kazi. Basi imekipasa chama kumpigania apate muda wa kurudi kwa daktari, apate mtu wa kuwa karibu naye, na asipoteze hata shilingi moja kwa sababu ya kusema kweli.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Wenye vitabu siku hizi huuita sonona. Si ile huzuni ya kufiwa ama ya kukosa ofu siku ya sikukuu, ambayo kila mwanadamu huipata nayo ikapita. Huu hukaa. Daktari hutaka kujua kama mtu amekuwa katika hali hiyo karibu kila siku kwa majuma mawili ama zaidi: moyo mzito, hapendezwi tena na mambo aliyoyapenda, usingizi umempotea ama analala kupita kiasi, chakula hakipiti, mwili umechoka kabla kazi haijaanza, anajiona hana maana mbele za watu, na pengine anawaza kwamba heri angekufa. Mtu huyu si mvivu. Hakurogwa, wala hakuishiwa na imani. Sisi tuliosomeshwa na misheni twamkumbuka nabii Elia, mtu mwenye imani kuliko wengi, alivyoketi chini ya mretemu jangwani akiomba afe. Malaika hakumgombeza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamrudia mara ya pili. Katika makala haya ninamtafuta huyo arudiye mara ya pili.

Zamani tuliambiwa kwamba ugonjwa huu si wetu. Daktari J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari hapa Nairobi tangu 1938 mpaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake ambamo alieleza kwamba huzuni ya namna hii ni haba kwa Waafrika, naye katika maandishi yake akalinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hayo yalikuwa maneno ya mtawala kuliko ya tabibu. Wataalamu wa Kiafrika waliyakanusha zamani, na leo hakuna hospitali inayoyafuata. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya iliweka jopo la kuchunguza afya ya akili chini ya Daktari Frank Njenga, na katika ripoti ya mwaka 2020 jopo hilo likashauri kwamba jambo hili litangazwe kuwa janga la taifa. Shirika la Afya Duniani lenyewe lakadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 hivi walijiua duniani kote. Hata hivyo, mtu wetu akisema moyo wake umekuwa mzito huambiwa, “Jikaze, wewe ni mwanamume.” Carothers aliondoka, lakini yale mawazo tumeyatunza wenyewe.

Sasa tuje kwenye vidonge. Dawa za huzuni hazikutokea kwa uchawi. Mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya Sea View huko New York walikuwa wakijaribu dawa mpya za kifua kikuu, wakaona wagonjwa waliokuwa wakilala kwa unyonge wamechangamka, wanacheka, wanataka kula. Dawa moja kati ya hizo ikaja kutumiwa kwa ugonjwa wa huzuni. Katika miaka hiyo hiyo, Daktari Roland Kuhn wa Uswisi akagundua nyingine. Tangu hapo zimetengenezwa nyingi. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000, wakapima dawa 21 za namna hii, wakaona kwamba kila moja ilishinda kidonge kitupu kisicho na dawa ndani yake. Kwa wastani tofauti haikuwa kubwa sana, na wako wagonjwa wasiopata nafuu kwa dawa ya kwanza. Lakini hakuna haki ya kusema ni bure, na mtu aliyepona kwa dawa hizi asichekwe wala asiambiwe kwamba anakula vidonge vya wazimu.

Lakini dawa hizi zina desturi yake, na wengi hawaambiwi. Haziponyi siku ile ile kama dawa ya kichwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya majuma mawili mpaka manne, na pengine hungojewa sita ama nane. Lakini maudhi yake huja mapema: tumbo kuchafuka, kinywa kukauka, usingizi mwingi ama kukosa usingizi, na kwa watu wengine kutotulia, yaani mtu hawezi kukaa wala kusimama, moyo unamwenda mbio na hasira iko karibu. Basi mgonjwa huona taabu kwanza na faida baadaye. Asipokuwa na mtu wa kumweleza hayo, atadhani kwamba hata dawa imemshinda, na kwamba hakuna tumaini lililobaki.

Hapo ndipo penye hatari, na jambo hili limepimwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilichunguza majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400. Ikaonekana kwamba katika kila 100 waliopewa dawa ya huzuni, wapatao 4 waliingiwa na mawazo ama matendo ya kutaka kujiua, na katika kila 100 waliopewa kidonge kitupu walikuwa 2. Hakuna hata mmoja aliyekufa katika majaribio hayo, lakini mamlaka haikungoja. Mwezi wa Oktoba 2004 iliagiza onyo kali lichapishwe ndani ya mistari myeusi katika karatasi za dawa hizi zote. Mwaka 2007 onyo likaongezwa liwahusu vijana mpaka miaka 24. Kwa watu wazima waliopita umri huo hatari haikuonekana kuzidi, na kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea ilipungua. Lakini onyo hilo lasema pia kwamba mgonjwa wa umri wowote aangaliwe kwa karibu anapoanza dawa na kila kipimo kinapobadilishwa.

Kwa nini iwe hivyo? Madaktari wana maelezo mengi, nayo hayajamaliza ubishi. Lakini liko moja la tangu zamani ambalo mtu wa reli ataliona mara moja. Treni ndefu ya mizigo ikisimama, breki haziachii mabehewa yote kwa wakati mmoja. Huachia mbele kwanza, kisha nyuma. Dereva mwenye haraka akianza kuvuta hali mabehewa ya nyuma bado yameshikwa, kiungo hukatika katikati. Ndivyo wasemavyo juu ya mgonjwa huyu. Nguvu za mwili zaweza kumrudia kabla mawazo mazito hayajamwachia. Alikuwa hana nguvu hata ya kuinuka kitandani, sasa anazo, lakini fikira za kufa bado ziko. Sisi huona anatembea na kuoga tukasema, “Huyu amepona,” tukamwacha. Kumbe huo ndio wakati wa kungoja mpaka behewa la mwisho limeachia.

Tafadhali mtu asinisome vibaya akaenda kuvitupa vidonge vyake. Ugonjwa wa huzuni usiotibiwa ndio unaoua, nao unaua kuliko dawa. Baada ya onyo la 2004, madaktari wa Marekani walipunguza kuwaandikia vijana dawa hizi, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama hofu hiyo haikuleta madhara yake. Aliyekwisha kuanza asikate ghafula, maana kukata ghafula huleta kizunguzungu, usingizi mbaya, hasira, na kitu kama umeme kupita kichwani, na ugonjwa waweza kurudi. Akitaka kuacha, daktari humpunguzia kidogo kidogo. Akiisha kupata nafuu, kwa kawaida huambiwa aendelee miezi sita ama zaidi. Pombe isiwe karibu na dawa hizi. Tena kabla ya kuanza, amwambie daktari wazi kama amewahi kuwa na siku za kupanda sana, akiwa hahitaji usingizi, anasema bila kupumua na kutapanya fedha, maana huo ni ugonjwa wa namna nyingine, na dawa ya huzuni peke yake yaweza kumwasha kama moto.

Sasa niwaonyeshe jinsi mambo yanavyokwenda kazini. Mwenzetu mmoja wa treni za mizigo, ambaye jina lake na stesheni yake sitazitaja, alishikwa na ugonjwa huu baada ya msiba na madeni. Alikwenda kliniki kwa siri. Akapewa vidonge vya siku 30, akaambiwa arudi baada ya mwezi. Hakuna aliyemwambia kwamba nafuu itachelewa, wala kwamba akiona mawazo yanazidi arudi siku hiyo hiyo. Juma la pili hakuweza kutulia. Alizunguka nyumba usiku kucha na maneno yake yakawa ya kuaga. Aliomba siku moja arudi kwa daktari, akajibiwa kwamba watu ni wachache, na tena vidonge si anavyo mfukoni? Akapangiwa zamu ya usiku mbali na nyumbani. Aliyemwokoa ni mkewe. Mama huyo alivichukua vidonge akavitunza yeye, akamwuliza mumewe waziwazi kama anawaza kufa, akamwita gadi mmoja rafiki yao, wakampeleka hospitali wote wawili usiku ule. Dawa ilibadilishwa, akawekwa chini ya macho, akapona. Leo yuko kazini, na wengi wanaosoma haya wamewahi kupanda treni pamoja naye bila kujua.

Tazameni basi ni nini kilichomponya. Dawa ilikuwamo, daktari alikuwamo, lakini bila mke na gadi wasingefika kwa wakati. Na tazameni ni nini kilichotaka kumwua. Kulikuwa na ugonjwa, naam, lakini kulikuwa na siri, na kulikuwa na karatasi ya zamu.

Tusimlaumu mtu kwa kuficha, maana anayo sababu. Dereva akisema anatumia dawa ya huzuni, huogopa kuondolewa kwenye injini, na akiondolewa posho za safari huondoka pamoja naye. Kibarua akisema, huogopa kwamba mwezi ujao hataitwa. Mtu wa gengi akisema, jina lake jipya litakuwa “wa Mathari” mpaka siku ya kustaafu. Hata sheria ilimfunga kinywa. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Makosa ya Jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hata miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mgonjwa sasa aweza kumwambia daktari kila kitu bila kumwona askari nyuma ya mlango. Huo ni ushindi, lakini haujafika kwenye ofisi ya zamu.

Wala hatuanzi bila silaha. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya hali ya akili yake. Kifungu cha 30 chasema kwamba mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hakikusema ugonjwa uwe wa mguu ama wa tumbo. Huzuni ni ugonjwa, na cheti chake ni cheti. Lakini siku hizo ndizo chini kabisa ambapo sheria imeruhusu, na mtu mwenye ugonjwa huu huzimaliza mapema. Kazi ya chama ni kupata zaidi ya hapo katika mapatano.

Nimesema dawa ya kwanza ya huzuni ilitoka katika wodi ya kifua kikuu. Basi tuangalie kifua kikuu kinavyotibiwa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango ambao twaujua wote: mgonjwa humeza dawa mbele ya mtu anayemwona, jina lake limo daftarini, asipokuja hutafutwa. Hakuna asemaye kwamba kumtafuta ni kumvunjia heshima. Tuliichukua dawa kutoka wodi ile, lakini yule mwangalizi tukamwacha huko.

Wala wazo la mwangalizi si la kigeni. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza matibabu katika vijiji vya Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa wa akili walikaa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja pamoja na ndugu yake, wakaenda hospitali mchana na kurudi kijijini jioni. Ndugu alikuwa sehemu ya matibabu. Sisi wa reli twaishi mbali na ndugu zetu. Kazi imetupeleka stesheni ambazo hatuna shangazi wala mjomba. Basi wanachama wenzetu ndio ndugu zetu, ama tusiitane tena kwa neno hilo.

Kwa hiyo naiomba halmashauri ya tawi iyapeleke madai haya mbele ya mwajiri:

1. Mfanya kazi aliyeanzishwa dawa ya huzuni, ama aliyebadilishiwa kipimo, apewe siku za kurudi kliniki kwa mshahara katika majuma nane ya kwanza. Mwongozo unaofuatwa na madaktari wa Uingereza wasema mgonjwa apitiwe ndani ya majuma mawili, na ndani ya juma moja ikiwa ana miaka 18 mpaka 25 ama ana hatari ya kujiua. Vijana wetu wanaojifunza kazi wamo katika umri huo. Vidonge vya siku 30 na kwaheri havitoshi.

2. Katika majuma hayo asihamishwe stesheni, wala asipangiwe zamu ya usiku peke yake, wala asipelekwe kulala mbali na nyumbani.

3. Madereva na wote wanaoshika usalama wa treni wapewe kazi nyepesi kwa muda bila kupunguziwa mshahara, maana baadhi ya dawa hizi hulevya kwa usingizi. Sisemi dereva mwenye usingizi aachwe aendeshe. Nasema asilipishwe kwa kuwa mwaminifu. Mwajiri anayekata mshahara wa anayesema kweli anajinunulia dereva anayeficha, na dereva anayeficha ni hatari kwa kila abiria.

4. Habari za ugonjwa zibaki kati ya mgonjwa na daktari. Ofisi ipewe cheti kinachosema siku na kazi anayoweza, basi. Jina la ugonjwa lisitembee katika karatasi za makarani.

5. Mgonjwa achague mtu mmoja kazini, akipenda mwenyewe, awe mwangalizi wake, na mtu huyo apewe ruhusa ya kumsindikiza kliniki.

6. Kliniki ya kazini isiishiwe na dawa hizi. Mtu aliyeambiwa “njoo juma lijalo, zimekwisha” amekatwa dawa ghafula bila yeye kutaka.

Najua majibu yatakayokuja. Mwajiri atasema watu hawatoshi. Nasi tutauliza ni gharama gani kumfundisha dereva mpya, na ni gharama gani mjane na watoto. Wengine, hata miongoni mwetu, watasema haya ni mambo ya nyumbani na kanisani, chama kisiyaingilie. Lakini zamu si ya nyumbani. Kuhamishwa si kwa kanisani. Usiku ule mtu alionyimwa siku moja ya daktari, aliyemnyima alikuwa na kalamu ya kazi mkononi.

Yako pia mambo ambayo hayangoji mapatano, tunayaweza leo. Mwenzako akianza dawa hizi, jua siku aliyoanza, uzihesabu siku pamoja naye. Umwulize hali kila siku, hata kwa simu. Ukiona hatulii, halali, ana hasira zisizo zake, anagawa vitu vyake ama anaaga, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo. Usiogope kumwuliza wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na mara nyingi humtua mzigo. Vidonge vyake na vitunzwe na mtu mwingine wa nyumbani, apewe kidogo kidogo. Akiwa hatarini usimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda kununua maziwa. Ikiwa ni usiku na hakuna pa kwenda, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana simu ya bure ya watu wenye dhiki ya moyo, nambari 1199. Na wewe unayesoma, ukiwa ndiye mwenye mawazo hayo, mwambie mtu mmoja leo, kabla zamu yako haijaanza. Mawazo hayo ni sehemu ya ugonjwa, nayo hupita ukitibiwa. Wako wengi kati yetu yaliowapitia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Maneno hayo hupewa mgonjwa kama onyo. Mimi nayaelekeza kwetu sisi tulio wazima. Maradhi hufichwa pale ambapo kuyasema kuna hasara. Ondoeni hasara, na watu watasema. Wakisema wataangaliwa, na wakiangaliwa vidonge vitapata muda wa kufanya kazi yake.

Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa tawi unaokuja, lisiachiwe tena watu wa nje ya mlango.

Wenu katika umoja,
Mfanya Kazi wa Reli